Kamba za Kwaya ya Juru

Bahati alinipigia simu asubuhi nikiwa ndiyo nafungua mlango wa duka langu hapa Mbarara, na kabla hajasema nilishajua, kwa sababu mwenye habari njema huanza na salamu. Alisema mama yake ametutoka alfajiri, presha, hakupata hata nafasi ya kumwita jirani. Halafu akaniomba kitu ambacho sikukitarajia: nisihangaike na mchele wala sukari ya msiba, nije na mkasi, sindano na futi yangu ya kupimia. "Mama mudogo, nguo ya kumuvalisha iko," alisema, "lakini itaomba mukono yako." Mimi si mdogo wa mama yake kwa damu. Jina hilo alinipa akiwa mtoto wa kukaa mlangoni na sahani ya bati, na sikuwahi kulikataa. Nikafunga tena duka. Kutoka Isingiro nilikaa nyuma ya bodaboda nimekumbatia mfuko wenye mkasi, vumbi la Nakivale likinipokea kama zamani, na Mungu anisamehe, sikuwaza kifo hata kidogo. Niliwaza kamba.

Watu wakisikia mkimbizi anaandika habari zake, wanasubiri bunduki na mto wa kuvuka. Hayo nimewaachia wengine, wako wanaoyasimulia vizuri kuliko mimi. Mwaka ninaousema mimi ulikuwa wa maharage, nyimbo na kamba. Miaka ya tisini ilikuwa inaishaisha, nami nilikuwa nimepita umri wa shule bila kufika umri wa kuheshimiwa. Kule Juru, kanda yetu ya kambi ya Nakivale, nililima kama kila mtu, na niliuchukia ule udongo kwa moyo wote. Kuna watu jembe linawapenda. Mimi lilinipa malengelenge na mgongo wa bibi kizee. Nilichokipenda ni kuimba, maana kwenye kwaya ya akina mama hakuna aliyekuuliza umelima mistari mingapi. Kwaya ilikuwa na shamba lake la maharage, na mwaka ule maharage yalikubali. Wakati huohuo kanisa letu la udongo lilikuwa linajengewa pembeni kanisa jipya la mabati, na kwaya za kanda nyingine zingekuja siku ya kulifungua. Akina mama wakaamua kwamba hawatasimama mbele ya wageni kila mmoja na kikwembe chake, kitenge cha kujifunga. Maharage yaende Mbarara, yarudi yakiwa magauni ya buluu.

Mimi ndiye niliyetumwa, kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto wa kunililia. Fundi tulishampata kwa kuulizauliza: Hajati Salima, mwenye chumba cha cherehani karibu na msikiti. Kazi ilikuwa vipimo. Kuipeleka kwaya nzima mjini lilikuwa jambo la kuchekesha, na Juru yote haikuwa na futi hata moja. Tukafanya kama walivyofanya mama zetu huko Kivu tulikotoka. Tulifumua nyuzi nyeupe za mifuko ya unga wa msaada, tukazisokota kamba nyembamba, na kila mama akapewa tatu: yenye fundo moja ya kifua, yenye mawili ya kiuno, yenye matatu ya nyonga. Ajipime, akate, azifunge pamoja, atie alama yake. Mmoja alitia kifungo cha shati, mwingine unyoya wa kuku. Mama Bahati alifunga kipande cha kikwembe chekundu. Urefu wa gauni ungekuwa mmoja kwa wote, na pindo ningelishona mimi mwenyewe nikirudi, maana sindano niliijua kidogo.

Tungeweza kupimana sisi kwa sisi baada ya mazoezi, na kazi ingekwisha kabla ugali haujaiva. Hakuna aliyelitaja hilo. Kila mmoja alichukua kamba zake, akaenda kujifungia nyumbani. Anayeishi penye chakula atafikiri ilikuwa haya ya kike tu. Siku zile kukonda kulikuwa ni kesi. Ukikonda, bombani wanawake wanakupisha kwenye foleni kwa adabu ambayo si adabu, na ukigeuka wanasema una ile ugonjwa. Hata kama huna, mwili mwembamba ulikuwa unatangaza kwamba nyumbani kwako sufuria haichemki, mume wako hana nguvu, Mungu wako hasikii. Basi mtu alijifunika. Alivaa kikwembe juu ya kikwembe, akafa na tai shingoni kama wanavyosema, na ubavu wake akaujua yeye peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na kujipima mwenyewe ni kazi yenye hila zake, hata kwa mtu mwaminifu. Ukiinua mkono kuipitisha kamba mgongoni, inateleza. Ukitazama chini uone imefika wapi, kifua kinabonyea. Mimi nilijipima nyuma ya turubai la chumba changu, nikapata kipimo, nikakitazama, na hakikunipendeza. Nikavuta pumzi mpaka masikio yakalia, nikapima tena, nikaingiza na vidole viwili chini ya kamba ili niweze kuimba vizuri. Ndivyo nilivyojiambia: ni kwa ajili ya kuimba. Kisha nikakata.

Kamba za Mama Bahati nilizifuata nyumbani kwake, kwa kuwa ndiye aliyechelewa. Alikuwa amefika Nakivale mwaka uliotangulia, mjane, na Bahati mgongoni, na nilivyomwona mara ya kwanza nilidhani ni dada mkubwa wa yule mtoto, alivyokuwa amekwisha. Lakini alipofungua mdomo kwenye sauti ya pili, kanisa zima liligeuka. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa na kikwembe kilichochoka, na mbele ya pazia hilo kulikuwa na mafiga matatu na harufu ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Nilikaa na Bahati tukila mahindi ya kuchemsha, yeye akinichagulia punje kubwa. Nyuma ya pazia mama yake alikuwa anajipima huku anaimba kwa sauti ndogo, na wimbo ulikuwa unakatika kila baada ya mstari. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzungusha kamba tatu. Mwishowe mkono ukatoka pembeni ya pazia, mwembamba kama mpini, ukanikabidhi kamba zenye alama nyekundu. Zilikuwa ndefu. Nilizitazama, nikautazama mkono, nikazitia mfukoni.

Nilipanda lori juu ya magunia yetu ya maharage. Chumba cha Hajati kilikuwa na cherehani nne, dirisha moja na pazia la kijani la kubadilishia nguo, na harufu ya pasi ya mkaa ambayo hadi leo nikiisikia najiona msichana. Hajati alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyeongea Kiswahili cha sokoni na hakujali kukinyoosha. Alizitandaza kamba mezani, akaziweka moja moja kwenye futi yake, akasita.

"Huyu mutu iko munene hivi?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na huyu nyekundu?"

"Na yeye, Hajati."

Alinitazama mimi mwenyewe, kuanzia mabega hadi miguu, kama ninavyowatazama watu sasa. Kisha akasema, "Kale, sawa. Mimi nashona kamba yenye naletewa. Ingine, mwenyewe atajibu." Akachukua chaki.

Alikuwa na wafanyakazi wachache na kazi nyingi, akaniruhusu nilale kati ya majora ya vitambaa hadi magauni yaishe, kwa sharti kwamba mikono yangu isilale mchana. Nikapiga pasi, nikatia vifungo, nikafagia nyuzi. Mchana tulikula matoke na mchuzi wa karanga kwenye sinia moja, na Ijumaa pilau, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kula kwa bidii kama mimi wiki zile. Hajati alikuwa na desturi ya kuacha kitambaa kipana ndani ya kila mshono, hata wengine wakamwona mharibifu. Alisema mwanamke haishi ndani ya mwili mmoja. Na kila gauni lilipokwisha, alizishikiza kamba za mwenyewe kwa uzi ndani ya ukosi, ili kila mmoja alijue lake.

Siku moja wateja wawili walikuwa nyuma ya pazia la kijani, nami naipuliza pasi hatua chache kutoka kwao. Wakawa wanazungumza habari za Nakivale. Mmoja alisema huko ni mifupa inatembea, kwamba wanauza hata blanketi zao wapate unga. Mwenzake akasikitika kwa ulimi, akauliza kama gauni halimbani kiunoni. Uso uliniwaka kuliko ile pasi. Nilizitazama kamba zetu pale mezani, ndefu, za watu waliokula wakashiba, na nikafurahi kwa moyo wote kwamba tulikuwa tumezitoa vile. Wacha Mbarara ione.

Jioni ya mwisho Hajati alinionyesha cherehani ya dirishani. Msichana aliyekuwa akiitumia alikuwa ameolewa, ameondoka, kiti kilikuwa kitupu. "Peleka nguo," alisema. "Kama nakaa vizuri, rudi. Hii mashini iko yako, nakufundisha. Kama hapana, baki na jembe yako." Akanipa sanduku lake la bati la kubebea magauni. Sikulala. Niliiona mikono yangu juu ya ile meza mpaka asubuhi.

Akina mama waliyajaribu magauni katika kanisa la zamani, mmoja mmoja, nyuma ya shuka. Wa kwanza alitoka amebana viwiko ubavuni, kama mtu aliyeficha yai kwapani, akasema, "Inanikaa muzuri." Wa pili akatoka vilevile. Wa tatu vilevile. Nilipoona kwaya nzima imesimama mbele yangu imebana viwiko, niliingia nyuma ya shuka. Nilivaa la kwangu, nami nikabana. Mabega yalikuwa yanateleza, viuno vilikuwa vinaelea, na kila mmoja alimsifu mwenzake huku akitazama pembeni. Nikasema kwa upole kwamba nina pini, kwamba naweza kupunguza kidogo, nusu siku tu. Wote wakashangaa: nipunguze nini? Kukubali pini ilikuwa ni kukubali kwamba kamba ilidanganya. Nikaona cherehani ya dirishani inaniaga.

Wakati wa jua kali nilimfuata Mama Bahati nyumbani, maana gauni lake ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Lingemchukua yeye na Bahati na mgeni. Nilifikiri nikimpata yeye, wengine watafuata. Alikuwa anachambua lengalenga. Nikamweleza yote, sikuficha: ahadi ya Hajati, kiti kitupu, jembe. Nikautoa mkasi nikauweka mkekani kati yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kigoda, akanipa bugali, akangoja nile. Kisha akalichukua gauni, akalikunja mapajani.

"Usikate, mwanangu," alisema. "Mwili yangu niliiacha kwa njia. Ile siku sikupima hii yenye unaona. Nilipima yenye itarudi."

Nikamwambia gauni ni la Jumapili hii.

"Najua. Lakini ukikata, itarudi ikute hakuna fasi."

Niliurudisha mkasi mfukoni, nikashona mapindo tu, ya kwake na ya wote. Ningependa kuandika kwamba niliondoka pale nimeguswa. Niliondoka nalia kwa hasira, na niseme ukweli, nilikuwa naililia cherehani.

Jumapili ile upepo wa ziwa ulikuja mapema. Tulisimama mbele ya kanisa la mabati, na magauni yakajaa upepo, buluu tupu, na ndani yake sisi tukawa wanene kwa muda wa nyimbo tatu. Mama Bahati aliimba sauti ya pili mikono ameachia kabisa, hakubana kiwiko, gauni likipepea litakavyo. Wengine walipomwona nao wakaachia. Wageni hawakucheka. Kwaya ya Misiera, kanda nyingine ya kambi, ambao ni watu wa maduka na hujiona wajuzi wa mambo, walikuja baadaye kushika vitambaa na kuuliza huo ni mtindo gani. Mmoja wetu akajibu bila kupepesa kwamba ndiyo mtindo wa Mbarara sasa hivi. Mwaka uliofuata Misiera walishona mapana vilevile, na sidhani kama wameambiwa hadi leo.

Nilirudi Mbarara kwa sababu moja tu: sanduku la bati lilikuwa la Hajati. Nilikuwa nimepanga nilirudishe, nishukuru, nipande lori la jioni. Nilimkuta anakata kitambaa cha bwana harusi. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama nguo zimekaa. Ningeweza kumdanganya, hakuna ambaye angekuja kutoka Juru kunikanusha, lakini nilikuwa nimechoka na vipimo vya uongo. Nikasema ni kubwa, Hajati, zote ni kubwa, na nilitaka kuzipunguza, na wenyewe wamekataa zisiguswe.

Aliweka mkasi chini. Akaichukua futi shingoni mwake, akanizungushia kifuani, akaichukua na ile kamba yangu iliyokuwa ndani ya ukosi, maana nilikuwa nimelivaa gauni kwa safari. Akavilinganisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunipima, na niliona aibu kama niliyevuliwa. Akacheka kidogo, tumbo tu.

"Kamba yako pia naongopa," alisema. "Na wale wengine, nguo wanaipenda?"

"Wanaipenda sana."

"Wamekataa mukasi yako, na wewe haukukata?"

"Sikukata."

Akairudisha futi shingoni. "Basi nguo nakaa vizuri," alisema. "Kaa kwa mashini."

Nimekaa kwenye mashini tangu siku ile. Hajati alinifundisha kwa miaka, akazeeka, akaenda kwa watoto wake, nami nikafungua pangu mtaa wa pili. Nimewapima maharusi wanaovuta tumbo ndani hadi macho yanawatoka, na wazee wanaoapa kwamba suruali yao ya ujana bado ndiyo saizi yao. Sijawahi kumwambia mtu kwamba anadanganya. Namwuliza tu: unataka ya leo au unataka ya kesho? Wengi hucheka. Wachache hunyamaza, na hao nawaachia kitambaa kipana ndani ya mshono bila kusema. Nilifikiri busara hiyo ni ya Hajati, na kwa sehemu ni yake. Lakini nikiwa peke yangu, nikishika mkasi juu ya kitambaa kizima, ninayemsikia ni mama mmoja amekaa mkekani na lengalenga mikononi.

Nilikuwa namtembelea, si mara nyingi kama ilivyostahili. Kila mara nilimkuta amejifunga kikwembe chake, anacheka, ananilisha. Hakuniruhusu kumpima hata siku moja. Nikimwambia nimshonee kitu, anajibu kwamba nguo anayo.

Nilipofika Juru siku ile ya msiba, akina mama walikuwa wameshamwosha na kumlaza mkekani, amefunikwa shuka. Waliobaki wa ile kwaya walinipisha. Bahati, sasa ni mama mwenye mtoto mgongoni, alinikabidhi gauni la buluu. Rangi ilikuwa imefifia mabegani. Nililigeuza gauni ndani nje, kama anavyofanya fundi yeyote, na hapo nikasahau kwamba ninatazamwa. Mishono ya Hajati ilikuwa imefumuliwa. Pembeni yake palikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umesogea nje kidogo kuliko wa kabla yake: amefumua, ameshona kwa mkono, amefumua tena. Kitambaa chote alichokiacha Hajati kilikuwa kimekwisha. Na kilipokwisha, alikuwa ameongeza ubavuni vipande vya kikwembe chekundu, navyo havikumtosha tena.

Kamba zilikuwa bado ndani ya ukosi. Nikaifumua ukosini ile ya fundo moja, ya kifua, nikaomba wanisaidie kumwinua. Nilijua kuna futi mfukoni mwangu, lakini niliizungusha kamba. Nilikumbuka mkono ule mwembamba uliotoka pembeni ya pazia. Nikaivuta taratibu, mbele ya kifua kipana cha mwanamke aliyekula miaka mingi, aliyelea, aliyeimba, na ncha mbili hazikukutana. Kati yake palibaki upana wa kiganja changu.

Nikacheka na nikalia, pamoja, mbele ya maiti, na hakuna aliyenikemea.

"Mama mudogo," Bahati aliniuliza, "ni fupi?"

"Ni fupi," nilimwambia. "Niletee kikwembe chake kile chekundu. Tuongeze fasi."